Gunia moja na nusu la mahindi lisimwage damu

Hakuna mkulima asiyeijua hali hii. Ameamka alfajiri, jembe begani, anafika shambani na kukuta ng'ombe kumi na wawili katikati ya mahindi yaliyokwisha kutoa mbelewele. Mchungaji ni kijana mdogo, amesimama pembeni na fimbo yake, hajui akimbie au aswage. Mkulima anapiga yowe. Baada ya dakika chache majirani wamefika, wengine wakiwa na mapanga waliyokuwa wakienda nayo mashambani mwao. Upande wa pili ndugu za yule kijana nao wameshapigiwa simu, na morani wako njiani.

Kuanzia hapo zipo njia mbili. Ya kwanza huishia ofisi ya kijiji, kwenye karatasi yenye sahihi za watu wanne. Ya pili huishia hospitali, polisi na makaburini. Kinachoamua njia ipi ifuatwe si ukubwa wa hasara iliyopo shambani, wala si kabila la mwenye ng'ombe. Kinachoamua ni jinsi watu walivyoitumia saa ya kwanza.

Jambo hili limekuwa likijadiliwa kwa miaka mingi katika mikutano, warsha na Bunge, na karibu kila mara mjadala huelekea kwenye mambo makubwa: ardhi haitoshi, mifugo imezidi, mipaka haijulikani. Yote hayo ni kweli. Lakini wakati mambo makubwa yakisubiri bajeti na tume, ng'ombe wanaendelea kuingia mashambani kila msimu, na kila kijiji kinapaswa kujua kitafanya nini asubuhi hiyo.

Hesabu ya hasara

Watu wa biashara husema hasira hasara. Ni vyema basi kuanza na hesabu.

Chukua shamba la mahindi ambalo mkulima anatarajia kuvuna magunia 10 kwa ekari. Kwa kipimo kilichozoeleka vijijini, ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70, yaani hatua za mraba 4,900. Ng'ombe wameingia na kuharibu eneo la hatua 30 kwa hatua 25. Hizo ni hatua za mraba 750, takriban sehemu 15 kwa 100 ya ekari. Hasara ya mkulima huyo ni gunia moja na nusu.

Gunia moja na nusu si kitu kidogo kwa familia yenye watoto watano. Ni chakula cha wiki kadhaa, au ada, au madaftari na sare. Mkulima ana haki ya kuudai mzigo huo mpaka debe la mwisho, na mwenye kumwambia asamehe tu hajawahi kupalilia. Hata hivyo ni deni linalohesabika, na deni linalohesabika hulipika. Mfugaji mwenye ng'ombe kumi na wawili anaweza kulilipa kwa kuuza mbuzi wachache mnadani.

Sasa itazamwe hesabu ya upande wa pili. Kijana mmoja akikatwa panga, kuna gharama za matibabu, nauli za kwenda na kurudi wilayani, siku za kushinda kituoni na mahakamani, na mashamba yanayokaa bila palizi kwa sababu watu wanaogopa kwenda peke yao. Mnada hufungwa. Mchuuzi wa vyombo aliyekuwa akisubiri siku ya mnada anakaa na mali yake. Mama lishe anapika sufuria moja badala ya nne. Mnunuzi wa mahindi kutoka mjini anasikia habari redioni na kupeleka lori lake wilaya nyingine. Maziwa hayafiki kijijini, na mahindi hayafiki kwenye maboma. Hakuna anayeyaandika haya yote katika daftari moja, lakini kila mmoja anayalipa kutoka mfukoni mwake.

Kwa maneno mengine, amani ni pembejeo kama zilivyo mbegu na mbolea. Ikikosekana, vingine vyote vilivyonunuliwa kwa fedha taslimu vinapotea.

Somo la Kilosa

Wanaodhani kwamba haya ni maneno ya kutishana wakumbuke Kilosa. Tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Taifa zima lilishtuka. Viongozi walifika, pole zikatolewa, na ahadi nyingi zikasemwa.

Ikumbukwe kuwa siku kama ile haizuki ghafla. Nyuma yake huwapo mazao yaliyoliwa bila kulipwa, mifugo iliyokamatwa, faini zilizotozwa bila stakabadhi, na watu waliopigwa na kulipizana. Kila tukio peke yake lilikuwa dogo. Hakuna hata moja lililofungwa likaisha, ndiyo maana yakajumlishana kama riba.

Kilosa ni wilaya ya mito, mabonde na tambarare. Masika ng'ombe hupata majani karibu kila mahali. Kiangazi hutegemea mabonde yenye unyevu, na mabonde hayohayo ndiyo mkulima anayoyatamani kwa mpunga, mboga na mahindi. Mkulima akilima bonde lote mpaka ukingo wa mto, ng'ombe hawana njia ya kufika majini isipokuwa kupitia shambani. Mfugaji naye akileta ng'ombe wengi kuliko eneo linavyoweza kubeba, hata njia ya upana wa uwanja wa mpira haiwatoshi. Pande zote mbili zina hoja, na pande zote mbili zina makosa.

Mwaka 2008 damu ilimwagika tena wilayani humo. Mwaka uliofuata ikafanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji. Malalamiko hayakuisha, kwa sababu ng'ombe anayeondolewa kijiji kimoja hupita kijiji kingine, na aliyefukuzwa bila kusikilizwa huondoka na kinyongo. Operesheni ni dawa ya siku moja kwa ugonjwa unaorudi kila msimu.

Saa ya kwanza

Vijiji vilivyoweza kuishi pamoja na wafugaji kwa miaka mingi bila kuuana havina siri kubwa. Vimejizoeza mambo machache na kuyafanya haraka.

La kwanza ni nani anaitwa. Mkulima anayepiga yowe huita kila mtu, na kila mtu huja na alichonacho mkononi. Kijiji kilichojipanga humfundisha mkulima kumwita mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili wa kushuhudia, basi. Mwenyekiti huyo naye anayo namba ya simu ya mzee wa wafugaji, laigwanani au mwingine anayesikilizwa, na mzee anayo namba yake. Simu ileile inayoweza kukusanya vijana hamsini wenye hasira ndiyo inayoweza kumleta mzee mmoja mwenye busara kabla vijana hawajafika. Tofauti ni nani alipigiwa mwanzo.

La pili ni kupima palepale, mchana kweupe, pande zote mbili zikiona. Hatua zinahesabiwa kwa sauti. Mzee wa wafugaji anatembea pamoja na bwana shamba au mkulima mzoefu, na idadi inaandikwa. Hapa ndipo joto hushuka. Mtu aliyekuwa akipiga kelele kwamba shamba lote limekwisha, na mwenzake aliyekuwa akidai kwamba ni majani mawili tu, wote wawili hunyamaza wakisikia sabini na moja, sabini na mbili. Ugomvi wa maneno unakuwa kazi ya kuhesabu.

Upimaji wa haki pia huzingatia umri wa mazao. Mche wa mahindi ambao bado haujafikisha majani sita, kitovu chake cha kukua kiko chini ya udongo. Ukiliwa majani bila kung'olewa, mara nyingi huchipua tena. Mahindi yaliyokwisha kutoa mbelewele yakivunjwa hayarudi, na muda wa kupanda tena umepita. Kwa hiyo mazao machanga yapimwe siku ya tukio ili kuandika eneo, kisha yaangaliwe tena baada ya siku kama kumi ndipo fidia ikamilishwe. Mkulima hapunjwi, na mfugaji halipi kilichoota upya.

La tatu, na ndilo gumu kuliko yote, ni suala la kukamata ng'ombe. Mkulima huwashikilia kwa sababu anaogopa kwamba wakiondoka, mwenyewe hataonekana tena. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ng'ombe aliyefungiwa si baiskeli iliyowekwa rehani. Anahitaji maji na malisho. Ng'ombe mwenye ndama akizuiliwa siku mbili, ndama nyumbani anateseka kwa njaa, na kiwele kisichokamuliwa kinavimba na kuingia ugonjwa. Kila saa inayopita hasara ya mfugaji inakua, na kwa familia inayoishi kwa maziwa kundi hilo ndilo ghala, benki na mahari ya vijana wake. Mapigano mengi huanzia zizini, pale vijana wanapokuja kuwakomboa ng'ombe kwa nguvu, muda mrefu baada ya tukio la shambani.

Njia iliyo salama zaidi ni kuwahesabu ng'ombe, kuandika rangi, chapa au hereni zao, jina la mwenye mali na anapoishi, kisha kuwaachia kwa mdhamini. Mdhamini awe mtu anayejulikana na pande zote mbili, mwenye kitu cha kupoteza akivunja neno lake. Kwa kufanya hivyo mkulima anabaki na jina la kumdai, na mfugaji anabaki na mifugo iliyo hai ya kulipia.

La nne ni fedha zinakokwenda. Hapa pana kidonda ambacho wengi hawapendi kiguswe. Malalamiko yanayosikika vijijini ni yaleyale: mfugaji ametozwa faini kubwa, mkulima hakupata hata debe, na stakabadhi haikuonekana. Mkulima anaamini kwamba ofisi imenunuliwa na mwenye ng'ombe. Mfugaji anaamini kwamba amegeuzwa ng'ombe wa kukamuliwa. Wote wawili wakishafika hapo, hawaendi tena ofisini. Panga huanza kuonekana kama njia fupi zaidi ya kupata haki pale mlango wa ofisi unapokuwa na bei.

Fidia imwendee aliyeharibiwa mazao, ikabidhiwe mbele ya mashahidi, na karatasi itolewe nakala tatu: moja ya mkulima, moja ya mfugaji na moja ya kijiji. Kiongozi asiyetaka karatasi hiyo iandikwe anajulikana anachokitaka.

Wanawake wa soko la Wajir

Swali linalobaki ni nani awe katikati. Wazee wa kijiji ni wakulima, na laigwanani ni mfugaji. Kila upande unamwona wa mwenzake kuwa na upendeleo. Jibu moja lilipatikana mbali na Kilosa, kaskazini mashariki mwa Kenya, na lilitoka sokoni.

Wajir ni nchi kame ya wafugaji Wasomali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya ukame mkali uliomaliza mifugo, koo zilianza kupigana na watu wengi wakauawa. Uhasama uliingia hadi soko la mjini Wajir. Wanawake wa ukoo mmoja hawakukubali kumuuzia wala kununua kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Maziwa yalikuwapo, nyama ilikuwapo, wanunuzi walikuwapo, lakini biashara haikwenda.

Mwaka 1993 kikundi kidogo cha wanawake kutoka koo mbalimbali, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi aliyezaliwa mwaka 1964, kilianza na jambo dogo sana. Walikubaliana kwamba sokoni mwanamke yeyote wa ukoo wowote aweze kununua na kuuza bila kusumbuliwa. Wakaweka waangalizi wao wenyewe kati ya wauzaji. Tusi likitoka, ndoo ya maziwa ikimwagwa, mtu akinyimwa nafasi ya kupanga bidhaa zake, jambo hilo lilishughulikiwa siku ileile kabla halijafika nyumbani na kuwa la ukoo.

Kutoka sokoni wakawaendea wazee. Kwa kuwa koo kubwa zilikuwa hazisikilizani, waliombwa wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa sehemu ya vita, ndio waanze kuzikutanisha. Vijana, wafanyabiashara, viongozi wa dini na maofisa wa serikali waliingizwa baadaye. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa katika kamati moja ya amani na maendeleo iliyofanya kazi ndani ya mfumo wa wilaya. Panapotokea wizi wa mifugo au mauaji, wajumbe wake walikwenda mara moja, wakiwa mchanganyiko wa wazee, wanawake na watu wa serikali, kuzuia kulipiza kisasi. Mfano wa kamati hizo ulienea katika wilaya nyingine za Kenya, na makubaliano ya kitaifa yaliyomaliza machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008 yalipendekeza ziwepo kila wilaya. Mwaka 2007 Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011 kufuatia ajali ya gari.

Wajir haikuwa pepo baada ya hapo, na mapigano yamerudi nyakati fulani. Lakini somo lake kwa vijiji vya Morogoro, Mbeya, Manyara au Pwani liko wazi. Aliye katikati apatikane miongoni mwa watu wasio na shamba lililoliwa wala ng'ombe waliokamatwa, ambao riziki yao inategemea pande zote mbili.

Watu hao wapo katika kila kijiji. Ni mwenye duka anayemuuzia mkulima viberiti na mfugaji sukari. Ni mwenye mashine ya kusaga. Ni muuza dawa za mifugo na mbegu kwenye kibanda kimoja. Ni mama anayenunua maziwa asubuhi kwa wafugaji na kuyauza kwa wakulima. Wanazijua familia za pande zote, wanajua nani analipa madeni na nani hulipi, na mapigano yakizuka wao hufilisika kwanza. Hata hivyo wakati wa usuluhishi mara nyingi huachwa nje kwa madai kwamba hayawahusu.

Mfanyabiashara mdogo ndiye mdhamini mzuri, shahidi mzuri na mara nyingi msuluhishi mzuri. Naye akikaa kimya na kusema siasa za ng'ombe si zake, ajue kwamba anaacha mtaji wake juani.

Sheria inasemaje

Wapo watakaosema kwamba huu ni usuluhishi wa chini ya mti usio na nguvu ya sheria. Si sahihi. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 ilitaja kuwa kazi kuu ya baraza ni kudumisha amani na maelewano kwa kusuluhisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, na wasiopungua watatu kati yao wawe wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Kwa migogoro ya ardhi, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea Baraza la Kata mamlaka ya kutoa hukumu na kuliachia usuluhishi. Likishindwa ndani ya siku 30, mhusika anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Maana yake ni kwamba sheria yenyewe imeelekeza nguvu kwenye kupatanisha kabla ya kushtakiana. Ugomvi wa mpaka, wa njia ya mifugo au wa bonde unayo mahali pa kuanzia hapohapo kijijini. Tatizo ni kwamba katika vijiji vingi mabaraza hayo yapo kwenye karatasi tu. Wajumbe hawajulikani, hawana daftari, na hukutana pale tu ugomvi unapokuwa umeshachacha. Kijiji kinachotaka amani kiwachague wajumbe hao mapema, wafugaji waliomo kijijini nao wawe na mtu wao, na majina yabandikwe ofisini mahali pa wazi.

Wapo pia watakaosema kwamba fidia ya haraka itampa mwenye ng'ombe wengi ruhusa ya kulisha mashambani mradi ana fedha za kulipa. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Wafugaji wa namna hiyo wapo, wanaoingiza kundi usiku kwa makusudi wakijua kwamba watalipa faini na bado wamepata faida. Ndiyo maana daftari ni muhimu. Tukio la kwanza ni bahati mbaya na husuluhishwa. Jina lilelile likionekana mara ya pili na ya tatu, hapo pana kosa la makusudi, na karatasi za matukio yaliyotangulia ndizo ushahidi wa kupeleka mahakamani. Vilevile mkulima anayelima katikati ya njia ya mifugo iliyokubaliwa na kijiji, kisha akadai fidia kila mwaka, daftari litamfichua.

Jambo moja halisuluhishwi chini ya mti. Mtu akijeruhiwa au akiuawa, hilo ni la polisi na mahakama. Wazee wanaweza kuzuia kisasi, na wanapaswa kufanya hivyo usiku uleule, lakini hawana mamlaka ya kufuta jinai kwa ng'ombe wawili na kreti ya soda.

Mipango ya matumizi bora ya ardhi, ambayo ina sheria yake ya mwaka 2007, inabaki kuwa tiba ya kudumu. Kijiji kinapaswa kujua wapi ni kulima, wapi ni kulisha, na ng'ombe wanapita wapi kwenda majini. Hata hivyo mpango mzuri kwenye ramani huvunjika kiangazi cha kwanza ikiwa eneo lililotengwa kwa malisho halina lambo wala josho. Ng'ombe wenye kiu hawasomi ramani. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mnada zinapaswa kurudisha sehemu ya fedha hizo kwenye maji ya mifugo, kwani lambo moja mahali sahihi linaweza kuokoa mashamba mengi.

Kabla ya msimu ujao

Yote haya hayafanyiki siku ya tukio. Hufanyika kabla. Wakati mazuri ni baada ya mavuno, pale mkulima na mfugaji wanapohitajiana wazi. Mabua yako shambani, na ng'ombe wanayataka. Samadi iko zizini, na shamba linaihitaji. Katika maeneo mengi wakulima na wafugaji hukubaliana ng'ombe waingie shambani baada ya kuvuna, wale mabua na kuacha samadi. Mazungumzo hayohayo yanaweza kuongezewa mambo mawili: ng'ombe wakiingia kabla ya kuvuna tutafanya nini, na nani ataitwa kwanza.

Mkutano mmoja wa kijiji unatosha kuchagua wapimaji wawili, mmoja wa kila upande, na mtu wa katikati asiyelima kwa riziki wala kufuga. Daftari moja la kurasa mia linatosha kwa miaka kadhaa. Gharama yake haifiki hata bei ya debe moja la mahindi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Rudewa Mbuyuni nyufa zilionekana, hazikuzibwa, na watu 38 wakazikwa. Asubuhi ambayo ng'ombe watakutwa tena kwenye mahindi itafika, mwaka huu au mwaka ujao, katika kijiji kimoja au kingine. Wenye kijiji hicho watakuwa na saa moja. Kama wapimaji wanajulikana, namba za simu zipo na daftari lipo mezani, mkulima atadai gunia lake moja na nusu na kulipata, na mfugaji atawarudisha ng'ombe wake nyumbani kabla ndama hawajalia.